Yellowstone kwa Gari: Mwongozo wa Msafiri Asiye na Kiongozi

Wengi waliowahi kuingia Serengeti, Maasai Mara au Nakuru wamezoea kuongozwa. Dereva ndiye anayejua simba wamelala wapi, mlango wa gari haufunguliwi ila mahali palipotengwa, na anayethubutu kushuka hukemewa papo hapo. Yellowstone, hifadhi iliyoko magharibi mwa Marekani, ina utaratibu mwingine kabisa. Unaingia na gari lako au la kukodi, unapewa ramani getini, kisha njia ni yako. Utashuka garini mara nyingi kwa siku. Utatembea kwa miguu kati ya mvuke na madimbwi yanayochemka, na mnyama mwenye uzito wa kilo mia kadhaa anaweza kupita pale pale ulipoegesha. Walinzi wa hifadhi wapo, lakini hawatoshi kumfuata kila mgeni. Kwa hiyo kazi ya kiongozi itakuwa yako, na inafaa uijifunze kabla hujaondoka nyumbani.

Kwanza ujue unakwenda wapi. Yellowstone ilianzishwa tarehe 1 Machi 1872, Rais Ulysses Grant alipotia saini sheria yake, nayo huhesabiwa kuwa hifadhi ya taifa ya kwanza duniani. Ina ukubwa wa kilomita za mraba karibu 9,000, sehemu kubwa ikiwa katika jimbo la Wyoming na kingo zake zikiingia Montana na Idaho. Anayeifahamu Ngorongoro ataielewa haraka, kwa sababu katikati ya Yellowstone nako kuna kaldera, ardhi iliyodidimia baada ya volkano kutapika kilichokuwa chini yake. Tofauti ni ukubwa: Ngorongoro ina upana wa kilomita 20 hivi, ilhali kaldera ya Yellowstone ina urefu wa kilomita 70 na zaidi, hata ukiwa ndani yake huwezi kuziona kuta zake zote. Mlipuko ulioitengeneza ulitokea miaka 640,000 hivi iliyopita, lakini joto halijaondoka. Hifadhi ina sehemu zaidi ya 10,000 zinazotoa maji moto, mvuke au tope linalochemka, na kati ya hizo zaidi ya 500 ni gaiza, yaani chemchemi zinazorusha maji angani. Hiyo ni karibu nusu ya gaiza zote zinazofanya kazi duniani.

Wasemaji wa Kiswahili si wachache katika miji iliyo karibu. Salt Lake City, Boise na Missoula zote zina jamii za watu waliotoka Kongo na nchi jirani, na kwao Yellowstone ni safari ya gari ya siku moja. Kutoka Salt Lake City hadi West Yellowstone, mji ulio kwenye lango la magharibi, ni kilomita 515 hivi, mwendo wa saa tano. Kutoka Boise ni saa sita hivi. Anayekuja kwa ndege kutoka mbali atafute tiketi ya Bozeman, Montana, akodi gari pale. Kutoka hapo ni kilomita 140 hivi hadi mlangoni. Kama umejifunza udereva Dar es Salaam au Nairobi, kumbuka kwamba Marekani magari hupita kulia na usukani uko kushoto, na kwamba vibao vya mwendo vinahesabu maili. Hatari kubwa iko asubuhi, unapotoka kwenye maegesho barabara ikiwa tupu na hakuna gari la kukukumbusha upande. Mwombe aliyeketi pembeni yako awe macho kwa siku mbili za mwanzo. Ndani ya hifadhi mwendo wa juu kabisa ni maili 45 kwa saa, sawa na kilomita 72, na mahali pengi ni chini ya hapo.

Kuhusu majira, theluji ndiyo inayoamua. Barabara nyingi za ndani hufungwa kwa magari ya kawaida mwanzoni mwa Novemba, na hufunguliwa kwa awamu kuanzia katikati ya Aprili hadi mwishoni mwa Mei. Ni barabara moja tu inayobaki wazi mwaka mzima: ile inayotoka lango la kaskazini mjini Gardiner, ikapita Mammoth na bonde la Lamar hadi Cooke City. Julai na Agosti kuna joto na pia msongamano, kwa sababu hifadhi hupokea zaidi ya watu milioni 4 kwa mwaka na wengi huja miezi hiyo. Mimi ningechagua mwanzo wa Juni, wakati ndama wa baisoni wangali na rangi ya kutu na vijito vimejaa, au katikati ya Septemba, watoto wa Marekani wakiwa wamerudi shuleni. Mwezi wowote ule, beba sweta, jaketi la mvua na kofia. Hifadhi iko juu, wastani wa mita 2,400, na theluji inaweza kuanguka hata katikati ya kiangazi. Anayetoka Mombasa au Tanga asidanganywe na jua la mchana; usiku wa Juni unaweza kushuka hadi maji yakaganda.

Kiingilio kimebadilika, na hapa Mwafrika Mashariki anapaswa kuwa mwangalifu. Gari moja la binafsi hulipa dola 35 kwa siku 7, bila kujali wamo wangapi. Lakini kuanzia 1 Januari 2026, Yellowstone ni miongoni mwa hifadhi 11 ambazo mgeni asiyeishi Marekani, mwenye umri wa miaka 16 au zaidi, huongezewa dola 100 kwa kichwa. Mkaazi wa Marekani huonyesha kitambulisho chenye picha kilichotolewa na serikali huko, kwa hiyo usiache leseni yako hotelini. Kuna pia kadi ya mwaka: dola 80 kwa wakaazi, dola 250 kwa wageni. Familia inayomtembeza shangazi na mjomba waliotoka nyumbani ipige hesabu kabla ya kufika getini, na isome masharti ya kadi hizo kwenye tovuti ya Idara ya Hifadhi za Taifa.

Barabara kuu ya ndani imechorwa mfano wa tarakimu 8. Yote ina kilomita 229, na kwenye karatasi inaonekana kama safari ya asubuhi moja. Si hivyo. Kila mzunguko, wa juu na wa chini, unakula siku nzima ukihesabu vituo, maegesho yaliyojaa na wanyama wanaovuka barabara wapendavyo. Siku tatu ndizo kiasi cha chini cha safari yenye maana. Siku ya kwanza ingia kwa lango la magharibi, pinda kusini pale Madison na uipe siku yote njia ya mto Firehole hadi Old Faithful. Siku ya pili shika mashariki: West Thumb, Ziwa Yellowstone, bonde la Hayden, hadi korongo kuu. Siku ya tatu ni ya kaskazini, Norris, Mammoth na Lamar. Ukiweza, lala sehemu tofauti kila usiku ili usirudie njia, maana kurudi West Yellowstone kila jioni kutakupotezea saa nyingi.

Sasa gaiza zenyewe. Ukielewa zinavyofanya kazi utakuwa na subira nazo. Maji ya mvua na theluji huzama ardhini kupitia nyufa, yakakutana na miamba iliyopashwa moto na magma iliyo chini zaidi. Huko chini maji hupita kiwango cha kuchemka bila kuchemka, kwa sababu uzito wa maji yaliyo juu yake unayakandamiza. Katika chemchemi ya kawaida maji moto hupanda kwa uhuru na joto likapotea hewani. Gaiza ina mahali pembamba kwenye mkondo wake wa chini, hivyo joto hukwama. Mapovu yakiongezeka husukuma maji kidogo nje. Uzito ukipungua, maji ya chini hugeuka mvuke ghafla na kurusha kila kilicho juu yake, mithili ya soda iliyotikiswa chupa ikifunguliwa. Yakisha, mkondo huanza kujaa tena. Ndiyo maana unasubiri.

Old Faithful ilipewa jina hilo mwaka 1870 na msafara wa Washburn, na bado inastahili kuitwa mwaminifu. Wengi hudhani inaruka kila saa kamili. Ukweli ni kwamba wastani wake ni dakika 90 hivi, na walinzi hukadiria mruko ujao kwa kupima uliopita ulidumu muda gani: mruko mfupi humaliza maji machache, kwa hiyo unaofuata huja mapema. Makadirio hukosea kwa dakika 10 hivi kila upande. Saa zake hubandikwa kwenye jengo la wageni na huwekwa kwenye programu ya simu ya Idara. Maji hupanda mita 32 hadi 56, kwa dakika moja na nusu hadi tano. Kisha umati wote hukimbilia magari kwa pamoja. Wewe usiende. Huo ndio wakati wa kuanza kutembea kwenye njia ya mbao inayofuata mto, maana mambo makubwa zaidi yako huko. Gaiza iitwayo Grand hupanda hadi mita 60, nayo hukadiriwa vilevile, ingawa kwa nafasi ya saa kadhaa. Keti kwenye benchi na chakula chako, zungumza na majirani, ngoja. Riverside hurusha maji kwa mshazari juu ya mto, na jua likiwa upande mzuri upinde wa mvua hutokea. Mwisho wa njia kuna dimbwi la Morning Glory, ambalo lilikuwa la buluu tupu hadi wageni walipolitupia sarafu na takataka miaka mingi, mkondo wake ukaziba kiasi, maji yakapoa, na rangi ya manjano ikaingia kutoka kingoni. Usitupe kitu chochote majini, hata kijiwe, na umzuie mtoto wako.

Grand Prismatic, chemchemi moto kubwa kuliko zote Marekani, yenye upana wa mita 100 hivi, huwavunja moyo wanaofika alfajiri, kwa sababu hewa ya baridi hugeuza joto lake kuwa ukungu mzito na huoni kitu. Nenda adhuhuri au alasiri. Usiishie kwenye njia iliyo kando ya maji. Endesha hadi maegesho ya Fairy Falls, upande kilima kwa kilomita moja hivi, uitazame kutoka juu. Rangi zake za chungwa na manjano ni za vijidudu hai vilivyojigawa kufuata joto la maji. Kidudu kimoja cha aina hiyo, Thermus aquaticus, kiligunduliwa katika chemchemi za Yellowstone miaka ya 1960 na Thomas Brock na mwanafunzi wake Hudson Freeze. Kimeng'enya chake kisichoharibiwa na moto ndicho kilichowezesha kipimo cha PCR, kile kile tulichopimwa viwanja vya ndege wakati wa UVIKO-19.

Norris watu hupita haraka, na kwa maoni yangu hilo ni kosa. Ndilo bonde lenye joto kali kuliko yote hifadhini na lina Steamboat, gaiza ndefu kuliko zote hai duniani, inayoweza kuvuka mita 90. Haitabiriki, inaweza kukaa siku kadhaa au miaka. Nenda bila kuitegemea, utazame ardhi iliyopauka, yenye harufu ya kiberiti, ambako hakuna kinachoota.

Ardhi hiyo ndiyo inayoua. Ukoko unaozunguka chemchemi unaweza kuwa mwembamba sana, na chini yake mna maji yenye asidi au yanayotokota. Zaidi ya watu 20 wamekufa kwa kuungua tangu hifadhi ianze, na maji moto yamejeruhi na kuua watu wengi kuliko dubu. Mwezi Juni 2016 kijana mmoja alitoka nje ya njia ya mbao kule Norris akateleza na kutumbukia. Waliokwenda kumtafuta hawakupata mwili wa kurudisha kwao. Kwa hiyo usiteremke kwenye mbao, wala kwa picha, wala kwa sekunde moja. Kofia ikipeperushwa na upepo, iache. Mtoto mdogo ashikwe mkono muda wote, asiachiwe hata pale njia inapoonekana pana. Usiguse maji kupima joto lake. Na vibao vya kufungwa viheshimiwe: tarehe 23 Julai 2024 mvuke ulilipuka pale Biscuit Basin, ukatupa mawe na tope juu na kuvunja njia ya mbao wageni wakiwa karibu. Hakuna aliyeumia, lakini eneo lilifungwa.

Wanyama nao wana sheria zao. Kaa mita 91 au zaidi kutoka kwa dubu na mbwa mwitu, na mita 23 au zaidi kutoka kwa wengine wote. Anayehitaji kufahamika zaidi ni baisoni, yule nyati wa Marekani mwenye nundu. Sisi tunamjua mbogo, tunajua asivyo na mzaha, na hakuna mtu wa kwetu ambaye angemsogelea kwa miguu. Baisoni hudanganya kwa sababu hula majani kando ya maegesho kwa utulivu wa ng'ombe wa kufugwa. Dume hufikia kilo 900 na hukimbia kilomita 55 kwa saa, na hakuna mnyama hifadhini aliyejeruhi watu wengi kuliko yeye. Mchukulie kama mbogo. Mkia ukiinuka, ondoka. Kundi likivuka barabara, zima haraka yako, funga madirisha, usipige honi, litapita. Ukiona mnyama ukataka kutazama, egesha kwenye sehemu iliyotengwa kando, magurudumu yote yakiwa nje ya njia, maana wanaosimama katikati ya barabara huwafungia wenzao, hata gari la wagonjwa.

Kwa wanyama wengi, asubuhi na jioni ndizo saa zenyewe, na mabonde ni mawili. Hayden, kati ya ziwa na korongo, ni la baisoni na mara nyingine dubu. Lamar, kaskazini mashariki, ndilo linalonigusa zaidi, kwa historia yake. Mbwa mwitu wa Yellowstone waliuawa kwa amri ya serikali hadi kundi la mwisho likaisha mwaka 1926. Elki, jamii ya kulungu wakubwa, wakaongezeka kupita kiasi. Mwaka 1995 na 1996 mbwa mwitu 31 waliletwa kutoka Kanada, na leo hifadhi ina 100 hivi. Baisoni nao, mwanzoni mwa karne ya 20, walikuwa wamebaki dazeni mbili tu hapa. Sasa ni maelfu. Kila anayehangaikia faru na mbwa mwitu wa kwetu atasimama Lamar akiwa na matumaini. Fika kabla jua halijachomoza, ukiwa na darubini. Ukikuta watu wamejipanga kando ya barabara na darubini za miguu mitatu, simama, salimia kwa sauti ya chini, uliza wanatazama nini. Wengi hukukaribisha uchungulie.

Ukitaka kutembea mbali na barabara, kopo la dawa ya pilipili ya kumfukuza dubu ni la lazima. Haliruhusiwi kwenye ndege, kwa hiyo linunuliwe au likodiwe ukifika. Hupulizwa kumwelekea dubu anayekujia. Halipakwi mwilini wala kwenye hema kama dawa ya mbu. Liwe kiunoni, si ndani ya begi. Tembeeni watatu au zaidi, mkizungumza kwa sauti ili dubu awasikie mapema, na ukimwona usikimbie.

Chakula kinapatikana ndani, lakini foleni ni ndefu na bei iko juu. Nunua mjini, ujaze sanduku la barafu, na utumie meza za kulia chakula zilizotawanyika njiani. Anayekula halali anunue nyama Salt Lake City au Boise, kwa kuwa vimji vya milangoni havina uhakika. Usiache chakula mezani ukienda hata hatua chache, wala usimlishe mnyama: dubu akizoea chakula cha watu mara nyingi mwisho wake ni kuuawa. Mafuta yanauzwa Old Faithful, Canyon, Mammoth, Grant Village, Fishing Bridge na Tower. Jaza tangi kabla halijafika nusu. Simu haina mtandao sehemu kubwa, hivyo pakua ramani na programu ya Idara ukiwa bado na intaneti ya hoteli.

Malazi ndiyo yanayowakwamisha wengi. Huruhusiwi kulala ndani ya gari kando ya barabara wala kwenye maegesho. Ni lazima uwe na chumba au nafasi kambini. Vyumba vya ndani, pamoja na vile vya Old Faithful Inn, jengo la magogo lililojengwa mwaka 1903 na 1904, huanza kuuzwa zaidi ya mwaka mzima kabla, na vya Julai huisha mapema. Kama unataka kwenda kiangazi kijacho, tafuta chumba wiki hii, kisha ndipo ununue tiketi na kukodi gari.